Njia ya kinga haisubiri mradi

Mvua zikianza kunyesha Kalemie, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, watu wa mjini wanaangalia ziwa. Wanakumbuka mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda mpaka yakaingia katika nyumba na barabara za pwani. Lakini kuna watu wengine, nao si wachache, ambao mvua ikipiga usiku wanawaza juu ya njia. Si barabara kubwa ya magari. Ni njia nyembamba ya udongo inayoachana na barabara ya Nyunzu, inapita katikati ya matete, inapanda kilima, inashuka mtoni na kufika mashambani. Huko gari haliingii. Pikipiki inaingia wakati wa kiangazi, tena kwa shida. Mwaka mzima wanaopita ni mtu wa miguu na mtu wa kinga.

Ndugu msikilizaji wa mbali, kinga ndiyo baiskeli. Katika jimbo letu la Tanganyika kinga ni gari la asiye na gari. Mfuko wa makala unaochemsha maharagwe yako mjini ulifika kwa kinga. Mihogo, mahindi, karanga, bidoni la mafuta ya mawese, vyote vimepanda kinga kabla ya kupanda kitu kingine. Hata mgonjwa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, wanabebwa kwa kinga mpaka barabarani.

Kinga yenye mzigo haipandwi, inasukumwa. Mwenyewe anafunga fimbo moja kwenye usukani ili aiongoze akitembea kando yake, na fimbo nyingine nyuma ya kiti ili apate nguvu ya kusukuma. Mifuko inapita urefu wa mtu, na uzito unaweza kuzidi kilo 150. Kwenye mlima wanasaidiana wawili au watatu. Kwenye mteremko ni hatari zaidi, maana breki nyingi ni jina tu, na anayezuia mzigo usikimbie ni mtu mwenyewe kwa visigino vyake.

Ndiyo sababu kitu kidogo njiani ni kitu kikubwa kwa mtu wa kinga. Gari likikuta shimo linaruka. Kinga yenye mifuko mitatu ikikuta shimo inaanguka, mfuko unapasuka, janti linapinda, na kazi ya siku nne inamwagika chini. Kisiki kilichokatwa vibaya kinatoboa mpira, au mguu. Tawi lililoinama kwa urefu wa mifuko linaivuta kinga upande mmoja mpaka ilale.

Katika mtaa mmoja wa pembeni mwa Kalemie anaishi mzee anayejulikana kwa kazi mbili, kusukuma makala na kukagua njia. Jina lake linabaki kwake. Hakuchaguliwa na mtu kwa kazi hiyo ya pili, na hakuna anayemlipa. Ilimjia kwa sababu ya shamba lake.

Alikimbia kijiji chake mwaka 2017. Ni miaka ambayo Tanganyika haiwezi kuisahau. Mgogoro kati ya Batwa na Baluba, ulioanza mwaka 2013, uliwaka tena mwaka 2016 na kuenea katika sehemu kubwa ya jimbo. Watu waliuawa pande zote mbili, vijiji viliteketezwa, na kufikia mwisho wa 2017 zaidi ya watu 600 000 walikuwa wamehama makwao. Wengi walifika Kalemie na kujenga vibanda vya majani katika kambi kama Katanika na Kalunga. Mzee naye alijenga chake. Baada ya miaka kadhaa alipata chumba cha kupanga mjini.

Hajarudi kulala kijijini. Mke wake hataki, na watoto wamezoea shule ya mjini. Lakini shamba amelirudia. Anaondoka saa kumi ya alfajiri, analima, analala siku mbili au tatu katika kibanda cha shambani, kisha anarudi na mihogo au makala. Familia nyingi za waliohama zinaishi hivyo hivyo sasa, mguu mmoja mjini na mguu mwingine nyumbani. Msaada wa chakula ulipopungua, shamba ndilo lililobaki. Na kati ya mguu huu na mguu ule kuna njia. Njia ikifungwa kwa wiki sita za mvua, shamba linaliwa na nguruwe wa porini, mihogo inakosa wa kuivuna, na familia inarudi kuomba.

Mwaka jana iliwafunga kweli. Maji yalibeba magogo ya kuvukia mtoni. Wanawake wa ng'ambo walikuwa wameloweka mihogo yao, wakaitoa siku ya tatu kama desturi, wakaianika, lakini jua halikuwepo na njia ya kuipeleka mjini haikuwepo. Mifuko ilikaa kwenye ukingo wa mto mpaka ikaota ukungu. Mama mmoja alikuwa na mifuko minne pale, ndiyo ada ya shule ya watoto wake wawili. Alikwenda kila asubuhi kuigeuza, mpaka siku ile hakuona tena sababu ya kuigeuza. Watu walipouliza nani alijua kwamba magogo yameoza, jibu lilikuwa baya. Kila mtu alijua. Kila aliyepita aliona gogo linacheza, akavuka polepole, akaenda zake.

Hapo ndipo mzee alipoanza kutembea njia bila mzigo.

Anatembea kila baada ya mvua kubwa. Haendi siku ya jua, anakwenda maji yakiwa bado yanatiririka, hata kama watoto wa mtaa wanamcheka kwa kutoka nyumbani na matope. Anasema njia kavu inadanganya. Ikiwa kavu huoni chochote, yote yanaonekana sawa. Ikiwa na maji unaona mahali maji yanapoingia njiani, mahali yanapokimbia kama mto, na mahali yanapokaa. Hayo matatu ndiyo ugonjwa wote wa njia. Mengine ni nyasi tu.

Anabeba fimbo, panga, vipande vya kitambaa cheupe na uzi mrefu. Fimbo ni ya kupima kina cha matope. Kitambaa ni cha kufunga mtini mahali penye kazi. Uzi ni daftari lake, kwa kuwa karatasi inalowa. Kila mahali pabaya anapiga fundo, fundo moja kwa kazi ya mtu mmoja na fundo mbili kwa kazi ya kikundi. Akifika nyumbani anauweka uzi mezani, na hesabu ya watu na majembe yanayohitajika iko tayari.

Kwenye daraja hapiti tu. Anashuka chini, anagonga kila gogo kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Gogo zima linalia, gogo lililooza linajibu kama mtu aliyefunika mdomo. Anachoma kisu kwenye ncha zinazogusa udongo, kwa sababu gogo huoza kuanzia kwenye ncha, wakati katikati bado inapendeza macho.

Kuna kitu kimoja ambacho hakigusi kamwe. Jimbo hili limepita vita vingi, na mvua inachimbua vitu vilivyokuwa vimelala. Akiona chuma asichokijua, hakigongi na hakipigi teke. Anasimama, anarudi kwa nyayo zake, anaweka alama mbali kidogo pande zote mbili za njia, na anampelekea habari mkubwa wa kijiji ili awaite wanaojua kazi hiyo. Wanaolima kando wanaambiwa siku ile ile, na watoto kabla ya wote.

Kupanga siku ya kazi ndiko kugumu kuliko kazi yenyewe. Mahali pengine mtu mwenye panga njiani ni mkulima. Katika njia hii, watu ishirini wanaokuja pamoja na mapanga asubuhi na mapema ni kitu ambacho wengine walikiona mwaka 2017, na hawataki kukiona tena. Njia inapita karibu na makao ya Batwa kwenye mto na karibu na kijiji cha Baluba juu ya kilima. Pande zote mbili zina watu ambao usingizi wao bado ni mwepesi.

Kwa hiyo kuna utaratibu, na haukutungwa na mtaalamu. Siku mbili kabla ya kazi, habari inapelekwa pande zote mbili kwa mdomo, na mtu anayefahamika, mchana. Inasema siku gani, watu wangapi, kutoka wapi mpaka wapi, na nani yuko nao. Wanajeshi wa kituo cha karibu wanaambiwa pia. Siku yenyewe mapanga yanabebwa ndani ya mfuko mpaka mahali pa kazi, yanahesabiwa yakitoka na kuhesabiwa yakirudi. Wanaotangulia mbele ni wanawake wenye vyungu, wakiongea kwa sauti. Mtu akisikia vicheko na kugongana kwa vyungu anajua ni salongo, hakimbii.

Miaka ile mabaraza ya amani kati ya Batwa na Baluba yaliundwa katika jimbo, yakazungumza mengi mazuri. Njia hii nayo imekuwa baraza dogo, ila huku watu wanazungumza wakiwa wameinama. Mara ya kwanza kila upande ulifanya kipande chake, Batwa kutoka mtoni kwenda juu, Baluba kutoka barabarani kwenda chini, na walipokaribiana waliacha hatua hamsini za nyasi katikati, hakuna aliyetaka kuzikata. Zilikatwa wiki iliyofuata na watu wa kinga, maana wao hawakuwa na budi kupita. Chakula nacho kilikuwa vyungu viwili. Sasa ni chungu kimoja, bukari na sombe, na ndagala zikipatikana. Bado wapo wanaochukua sahani yao na kwenda kula kando. Hakuna anayewafuata.

Wengi wanafikiri kusafisha njia ni kukata nyasi. Nyasi zinakatwa, ndiyo, na kwa upana wa kutosha kinga na msukumaji wake wapite bega kwa bega, na kwa urefu wa kupita mifuko. Mti mdogo unakatwa usawa wa udongo, si kwa mshazari. Mshazari unaacha mkuki, na mkuki unangoja mguu wa mtu atakayepita usiku. Afadhali kung'oa mzizi kabisa na kufukia tundu. Miti mikubwa ya kivuli kwenye mlima haiguswi, kwa sababu pale ndipo kinga zinapopumzika, na mizizi yake inashika udongo.

Lakini kazi kubwa ni ya maji. Njia inayotumiwa sana inazama katikati kama mtumbwi. Maji yakiingia humo hayatoki tena, yanateremka nayo mlima mzima, yakichimba. Kwa hiyo wanafanya mambo mawili. Kwanza wanabomoa ukingo wa upande wa chini, ule uliojengwa na miguu na majani yaliyooza, ili njia iinamie kidogo upande wa bonde na maji yavuke bila kukaa. Kidogo tu, la sivyo kinga nayo itaelekea bondeni. Pili, kwenye mteremko mrefu wanajenga tuta la chini linalokata njia kwa mshazari, lililoshindiliwa vizuri, lenye mfereji unaoyapeleka maji nje. Tuta liwe pana na la chini, kinga ilipande na kulishuka bila kuruka. Tuta jembamba la juu linavunjwa na magurudumu kwa wiki moja.

Mfereji nao una adabu yake. Maji yanayotolewa njiani yasiingizwe katika shamba la mtu. Mwaka wa kwanza walisahau hilo, mihogo ya mama mmoja ikabebwa na maji, na ilibidi kikundi kirudi kulima upya na kuomba msamaha. Tangu hapo mwenye shamba anaitwa kwanza, anaonyesha mwenyewe mahali anapokubali maji yapite.

Mahali penye matope, kosa la kila mtu ni kumwaga udongo juu. Udongo juu ya matope ni matope zaidi. Yanatolewa kwanza kwa beleshi mpaka kwenye udongo mgumu, maji yanatafutiwa njia ya kutoka, halafu mawe makubwa yanapangwa chini, madogo juu, na changarawe mwisho. Kosa la pili ni kuzunguka. Mtu anazunguka dimbwi, wa pili anazunguka aliyezunguka, na baada ya mwezi njia ina upana wa kiwanja cha mpira, yote matope, na nusu ya karanga za jirani ziko chini ya miguu. Wakikuta njia za kuzungukia wanazifunga kwa miiba, na kutengeneza katikati.

Magogo ya kupitia kwenye tope yanamenywa ganda, kwa sababu ganda lililolowa linateleza kama sabuni. Yanapangwa yakigusana, maana nafasi ya vidole vitatu inatosha kumeza gurudumu. Mzee mmoja Mtwa, ambaye hasemi mengi, ndiye anayechagua mti. Vijana walitaka ule ulio karibu, ulionyooka, rahisi kukata. Akauangalia, akasema, «Huu ni wa kupikia.» Akawapeleka mbali nusu saa. Walinung'unika njia nzima. Gogo lile ndilo pekee la mwaka juzi ambalo bado linalia likigongwa.

Si wote wanaokubali kazi hii, na wanaokataa wana hoja. Kijana mmoja wa kinga alisema mbele ya watu wote, «Mzee, kwa heshima yako, bila franka mimi sishiki jembe. Mradi ulikuja, ukalipa. Kwa nini sasa tufanye bure?»

Neno lake halikuanguka chini. Wazee wengine hawapendi kusikia salongo kwa sababu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, ilipokuwa amri. Na babu zao walikumbuka kazi ya lazima ya barabara ya wakati wa Wabelgiji. Katika nchi hii mtu akiambiwa «kazi ya wote», mara nyingi faida imekuwa ya mmoja. Tena kijana aliongeza, «Kwenye kizuizi tunatoa pesa kila safari. Ile pesa inatengeneza njia gani?» Watu walicheka, lakini si kwa furaha.

Kwa sheria, barabara za kitaifa ni za Office des Routes, ofisi iliyoundwa mwaka 1971. Barabara za kulimia mashamba zina ofisi yake, OVDA, ambayo zamani ilikuwa idara iliyoitwa DVDA. Mwaka 2008 iliundwa FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaopata pesa kutoka kwenye mafuta ya magari na ushuru wa barabarani. Katika vijiji kadhaa kuna kamati za kutunza barabara, CLER, ambazo hupewa vifaa na malipo mradi ukiwepo. Hayo yote ni ya barabara. Njia ya kinga haimo katika karatasi yoyote. Haina namba, haina bajeti, haina mkandarasi wa kulalamikiwa.

Mzee hakumjibu kijana kwa mahubiri. Alimwuliza, «Mwanangu, ule mradi ulilima njia mwezi gani?»

«Mwezi wa saba.»

«Na njia ilikatika mwezi gani?»

«Wa kumi na mbili.»

«Kati ya hapo nani alifungua mifereji?»

Kijana alinyamaza. Mradi ulifanya kazi nzuri, wakati wa kiangazi, kwa watu wengi na kwa wiki tatu. Mifereji ilichimbwa sawasawa. Lakini majani ya mvua ya kwanza yaliiziba, na kuizibua kulihitaji mtu mmoja, jembe moja na nusu saa. Mtu huyo hakuwemo katika hesabu ya mradi. Aliyelipwa alikwisha kulipwa, na ambaye hakulipwa alisubiri mradi mwingine.

Mama aliyepoteza mihogo ndiye aliyetoa shauri lililopatanisha. Kinga zinashuka mjini zimejaa, alisema, lakini zinarudi nyepesi. Zinarudi na chumvi, sabuni, nguo za watoto. Mawe yako barabarani, tope liko njiani. Kila kinga inayorudi ibebe mfuko mmoja mdogo wa mawe au changarawe mpaka penye kitambaa cheupe, iuache pale. Asiye na kinga abebe mawe mawili mkononi. Hakuna pesa inayokusanywa, kwa hiyo hakuna pesa inayoliwa.

Kijana wa kinga alifikiri, akasema hilo anaweza. Hakushika jembe siku ile, na hakuna aliyemlazimisha. Lakini mifuko imeanza kuonekana. Kwenye bonde la kwanza kuna rundo la mawe linalofika magotini, nao waliolileta hawakupoteza hata siku moja ya soko. Kizuizi bado kipo, na swali la kijana juu yake bado linangoja mwenye kulijibu. Watu wa njia wameliandika na kulipeleka kwa mkubwa wa kijiji, kwa sababu mawe hayaondoi haki ya kuuliza.

Mwanzoni mwa 2025 boti zilileta Kalemie watu wengine waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Baadhi yao wamekodi vipande vya shamba ng'ambo ya mto, nao sasa wanapita njia hii hii. Hawaijui historia yake. Wanashangaa kuona mapanga yanahesabiwa kama pesa. Mmoja wao, mwanamume mtu mzima aliyekuwa fundi wa kuezeka huko kwao, aliona jinsi magogo yalivyofungwa, akaomba kamba, akayafunga upya bila kusema mengi. Walipomwambia yeye ni mgeni, si lazima afanye kazi, alijibu kwamba mgeni naye ana miguu.

Hii ndiyo hali ya njia kwa sasa, kwa familia zinazofikiri kwenda mashambani. Kutoka barabara ya Nyunzu mpaka juu ya kilima inapitika kwa kinga yenye mzigo. Kwenye mteremko kuna matuta matano mapya, yapande polepole na usizunguke pembeni. Bonde la kwanza lina magogo yaliyomenywa na ni zima. Bonde la pili bado ni baya, pale ndipo panapohitaji mawe, tafuteni kitambaa cheupe. Mtoni magogo mawili kati ya manne ndiyo yanayoaminika, yale ya upande wa juu. Kinga ipite bila mzigo, mifuko ivushwe kichwani, mmoja mmoja. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, msivuke, hata kama ng'ambo mnaona watu wenu.

Msitembee njia peke yenu alfajiri. Ulizeni kwanza habari za usalama kwa waliotoka huko jana, si wiki jana. Watoto wasiokote chuma. Mkikuta mfereji umezibwa na majani, ufungueni kwa mguu, haihitaji ruhusa ya mtu.

Magogo mawili mapya yamekwisha kukatwa, yako kilimani, nusu saa kutoka mtoni. Kuyashusha kunahitaji watu ishirini na kamba nene. Siku ikipangwa, habari itapita kama kawaida, kwa mdomo, mchana, pande zote mbili.